Nyungunyungu Waliochelewa Kushtuka

Baba yangu hajawahi kunywa pombe maishani mwake, na alikuwa anajiandaa kutubu ulevi mbele ya usharika mzima.

Mama ndiye aliyenipigia simu kunieleza, Jumatatu asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Nimepanga chumba mjini, Ngarenaro, nyuma ya karakana ya mageti, na mafundi wale huanza kukata vyuma kabla mtu hajanawa uso. Nikatoka hadi barabarani ili nimsikie vizuri.

"Anatubu nini?"

"Pombe," Mama akasema. "Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Ameshakwenda kwa mchungaji kwa miguu yake mwenyewe, hakusukumwa na mtu."

"Pombe ipi, Mama? Baba hata togwa iliyolala haigusi!"

"Ndiyo nakuuliza wewe, msomi."

Mama akikasirika huniita msomi. Nikajua hajalala.

Baba yangu, Ebenezer, ni mzee wa kanisa huko kwetu Nkoaranga tangu mimi nikiwa darasa la kwanza. Kazi yake anayoipenda kuliko zote ni mnada. Kwetu ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanakusanyika nje, na sadaka za wale waliotoa mazao badala ya fedha zinanadiwa palepale: mkungu wa ndizi, jogoo, maziwa, parachichi. Baba ndiye huinua kitu juu na kutaja bei, na ana maneno yule mzee. Nimewahi kumwona akiuza boga moja mara tatu, kila anayelinunua akilirudisha sadaka kwa kicheko.

Ila tangu Krismasi mikono yake ilianza kumsaliti. Kwanza vikombe, nyumbani. Halafu Jumapili moja akainua trei ya mayai mbele za watu, mikono ikamtetemeka, trei yote ikashuka miguuni kwa mke wa mchungaji. Watu wakashika vinywa. Mzee Manase, mzee wa kanisa mwenzake na jirani yetu wa mpaka mmoja, alikuwa amesimama pembeni na mikono yake mifukoni mwa koti, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Tumwombee mwenzetu, naona ameamka na usingizi wa jana."

Watu walicheka. Kwetu mtu mzima akitetemeka mikono asubuhi, hakuna anayehitaji kuuliza. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja: wiki ile ile wakapatikana watu waliomwona Baba akitoka kilabuni, tena wakataja na rangi ya kofia yake.

Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa na jambo. Likishaingia kichwani, miguu inaanza kutembea yenyewe. Asubuhi ile nilikwenda chuoni kwa miguu, mwendo ambao siku zote napanda pikipiki, na nilipofika nilikuwa nimegombana kichwani na Mzee Manase nikamshinda, nikagombana na mchungaji nikamshinda, nikagombana na Baba. Kwa Baba sikushinda.

Na huko chuoni nako hakukuwa na raha. Nasoma biolojia mwaka wa mwisho, na utafiti wangu ni wa nyungunyungu. Anayetaka kucheka acheke. Shangazi zangu wameshacheka wakamaliza. Nyungunyungu ana mshipa wa fahamu mnene unaopita mwilini mwake toka kichwani hadi mkiani kama waya mmoja. Unamlaza kwenye kibao chenye maji, chini yake kuna pini ndogo zilizounganishwa na kompyuta. Unamgusa kichwani kwa brashi laini. Habari inakimbia ndani yake, na kwenye kioo cha kompyuta mstari unaruka inapopita pini za kwanza, halafu unaruka tena inapopita za pili. Ukijua umbali na muda, umejua mshipa wake una mwendo gani. Kisha anarudishwa kwenye udongo wake, anaendelea na maisha.

Nilitaka kujua vitu vya kila siku vinaufanya nini mshipa ule. Nilichagua vya kwetu: kahawa, ugoro na mbege, pombe yetu ya ndizi. Kundi la nne halipewi kitu, maji matupu tu, ili uwe na mahali pa kulinganishia. Makundi matatu ya kwanza niliyapima wakati wa mvua, kwa nyungunyungu wa bustani ya chuo. Kahawa iliwaharakisha. Ugoro uliwarusharusha kisha ukawalegeza. Mbege iliwachelewesha kama inavyomchelewesha binadamu. La maji matupu nikalipuuza, nikaona hilo ni rahisi, litangoja. Kiangazi kikanikuta. Bustani ikakauka, nyungunyungu wakashuka chini kusikochimbika, nikampigia Baba simu. Akaja nao mwenyewe hadi Ngarenaro, ndoo nzima yenye udongo wake, amejaa fahari. "Wanene hawa," akaniambia. "Wa mjini hawafiki hapa."

Hao wanene ndio walionivuruga. Kwenye maji matupu walikwenda polepole kuliko waliokunywa mbege. Ukiwagusa wanangoja kwanza, kama wanaowaza, ndipo wanajikunja; na wakishajikunja hawatulii, wanabaki wanatetema.

"Ruth," akasema Daktari Kandida, msimamizi wangu, "wasiokunywa pombe wamewashinda walevi kwa ulevi. Nikaandike hivyo kwenye ripoti yako?"

"Hapana, Daktari."

"Nilikwambia uwapime wote msimu mmoja."

Alikuwa ameniambia. Nikanywea. Alipotoka nikaizunguka meza, nikaizunguka tena, hadi Kisioki akaniambia nikae kwa sababu namtia kizunguzungu. Kisioki ni mwenzangu darasani, kijana wa Kiarusha kutoka Terrat. Kwao ni ng'ombe na mbuzi, na ana mzaha usioisha kuhusu watu wa migombani wanaofuga ng'ombe mmoja na kumpa jina. Aliinamia ndoo yangu, akachukua udongo kiganjani, akaunusa. Uso ukabadilika.

"Dada, hawa mmewaogesha?"

"Kisioki, leo sina mzaha."

"Nami sina. Huu udongo unanuka josho. Nimekulia kwenye josho mimi, harufu hii hata ukiniamsha usingizini naijua. Hii ni dawa ya kupe."

Nikasimama pale pale. Nyuma ya banda la ng'ombe wetu kuna shina la mgomba tunaloliita mgomba wa Malaika. Malaika ndiye ng'ombe wetu, ndiyo, ana jina. Baba akimaliza kumwogesha dawa humwaga maji yaliyobaki kwenye shina lile, miaka yote, na ndiyo maana kiangazi chote pale ndipo penye unyevu. Mahali pengine shambani jembe linagonga vumbi. Mtu anayetaka kumfurahisha binti yake kwa ndoo ya nyungunyungu mwezi wa pili angechimba wapi tena?

"Hiyo dawa inamuuaje kupe?" nikauliza, ingawa nilijua. Nilikuwa nimeifanyia mtihani.

"Kwa mishipa ya fahamu," Kisioki akasema. Akanitazama. "Ruth, vipi?"

Nilikuwa ninaitazama mikono yangu lakini niliyokuwa naiona ni ya Baba. Inachelewa, halafu haitulii. Kesho yake asubuhi nilikuwa njiani kwenda nyumbani.

Bodaboda ilinifikisha hospitali ya Nkoaranga, na kutoka hapo ni miguu, njia ya mwinuko mkali ambayo siku nyingine huipanda nikipumzika mara mbili. Siku hiyo sikupumzika. Nilimkuta Baba bandani, mikono ya shati imekunjwa hadi begani, anamwogesha Malaika. Alikuwa na ndoo ya dawa na shati kuukuu. Analichovya shati ndani ya ndoo, analikamua kidogo kwa vidole, anamfuta ng'ombe shingo, kwapa, masikio, taratibu, huku anamsemesha kwa Kimeru kama anavyosemeshwa mtoto anayeogopa maji. Dawa ilikuwa inamchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona siku ya masomo?"

"Bomba la kunyunyizia dawa liko wapi?"

Akashangaa. "Bomba lipo. Malaika ana mimba yake ya kwanza, bomba likilia anarusha mateke, angejiumiza. Tangu kabla ya Krismasi namwogesha kwa tambara. Manase ndiye aliyenionyesha, yeye ana muda mrefu na njia hii. Tena tambara linaingia mpaka ndani ya sikio, bomba halifiki."

"Baba, weka hilo shati chini."

"Sijamaliza."

"Liweke chini!"

Sijawahi kumpigia baba yangu kelele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikawaambia yote pale pale, bila mpangilio, nyungunyungu, pini, mgomba, Kisioki na pua yake. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana adabu kuliko mimi. Kisha akachukua sabuni, akaanza kunawa.

"Mimi si nyungunyungu, Ruth."

"Mshipa ni mshipa, Baba."

"Nyungunyungu wanakaa ndani ya dawa. Mimi naigusa mara moja kwa wiki."

"Na mikono inakutetemeka."

Kabla hajajibu tukasikia hodi. Mzee Manase, ndani ya koti lake la sufu, jua la Februari likiwaka. Nikamwamkia, akaitikia kwa kutikisa kichwa, hakunipa hata mkono. Kwetu mgeni asiyetoa mkono ana neno. Alikuja, akasema, kumtia moyo mwenzake kwa ajili ya Jumapili ya toba. Kutubu si kazi ndogo, na kundi lina furaha kubwa kwa kondoo mmoja anayerudi. Mama akamletea chai. Akaikataa.

"Nimefunga," akasema.

"Kwaresima bado haijaanza, Mzee," nikamwambia.

"Mimi nimetangulia."

Aliondoka kama alivyokuja, mikono mifukoni. Nilitamani kummwagia mgongoni ile chai aliyoikataa. Anamchongea mtu, halafu anakuja kumpongeza kwa kuchongeka!

"Baba, unajua ni yeye aliyeanzisha maneno haya?"

"Najua."

"Na wewe unakwenda kuyatimiza. Kwa nini?"

Akakaa kwenye kigoda, akaiweka mikono katikati ya magoti na kuibana. Hata hivyo ilikuwa inacheza.

"Wewe hukumkuta babu yako," akasema. "Babu yako naye alikuwa mzee wa kanisa. Alianza hivi hivi, mikono kwanza. Watu wakasema ni ugonjwa wa ukoo. Wakamwondolea uzee wa kanisa kwa heshima, kwa maombi, kwa machozi. Kisha wakaacha kumpa mkono. Kisha wakaacha kuja. Alikaa chumba kile cha nyuma, mimi nikimlisha kwa kijiko mpaka alipokufa, na hakuna siku hata moja aliyoitwa kwa jina lake. Aliitwa mgonjwa. Mlevi ana njia, Ruth. Mlevi anatubu, anawekwa kando miezi michache, anarudishwa kundini, wanamwimbia na kumkumbatia. Mgonjwa atatubu nini?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa na hasira, lakini sikujua tena ni hasira ya nani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mama akasema ndani ya kanga.

"Basi kiniumbue nikiwa na jina langu."

Nikamwambia twende hospitali, ni hapo chini tu, damu inapimika. Akakataa katakata: nusu ya watakaomwona kwenye benchi la kusubiri ni watu wa usharika. Akitubu ulevi Jumapili halafu akutwe anapimwa mikono, amekosa vyote viwili. Nikamwambia huu si ugonjwa wa Babu, ni sumu, na sumu huweza kumtoka mtu. Hapo akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Huweza? Au humtoka?"

Nikaanza kumweleza tena kuhusu nyungunyungu, akanikatiza.

"Hao wanene wako," akasema, "wahamishie kwenye udongo safi. Waache mpaka karibu na Jumapili hiyo. Wakirudi kuwa kama wenzao, njoo uniambie. Wasiporudi usije kuniambia chochote, uniache na ulevi wangu."

"Na wewe usiiguse dawa."

"Sitaigusa."

Tulikubaliana hivyo, kama watu wanaouziana ng'ombe. Nikachota udongo wa kando ya mfereji wa juu, maji yanayotoka mlimani moja kwa moja, usiojua dawa, nikashuka nao mzigo mzima kichwani.

Wiki zile mbili sizitamani tena. Nyungunyungu hawana haraka, nami ni mtu wa haraka tangu tumboni. Kila asubuhi nilifunua beseni kuangalia udongo kana kwamba wangeniandikia kitu juu yake. Nikienda sokoni nasahau nilichofuata. Mafundi wa mageti wakaanza kunitania kwamba nimeposwa. Nilikuwa nampigia Mama simu asubuhi na jioni kuuliza mikono ya Baba ikoje, hadi akaniambia mikono ya watu haiulizwi kama bei ya nyanya. Daktari Kandida alitaka nipime mapema, lakini nikaogopa. Nikipima mapema na hawajarudi, nitakuwa nimemhukumu mzee wangu kwa kukosa subira. Nikapima Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili yenyewe. Kisioki alishika kompyuta, mimi nikashika brashi.

Wa kwanza nilipomgusa, mstari uliruka haraka, mara mbili, safi. Akajikunja na kutulia. Kisioki akapiga meza. Wa pili, safi. Wa tatu akachelewa. Nikamrudia, akachelewa tena. Tuliendelea hadi mwisho wa beseni. Wengi walikuwa wamerudi. Wachache walikuwa vilevile kama siku walipotoka kwenye mgomba wa Malaika.

"Unamwambiaje?" Kisioki akauliza.

"Sijui."

"Mwambie waliorudi."

Njia nzima ya kwenda nyumbani Jumamosi nilikuwa nafikiri kumwambia waliorudi tu. Nilikuwa nimewatia kwenye makopo mawili, waliorudi huku na wasiorudi huku, na kopo la pili nilikuwa nimelificha chini kabisa ndani ya mkoba kana kwamba nimeliiba.

Baba alikuwa ananingoja jikoni. Tayari alikuwa amechimba nyungunyungu mmoja kwenye mgomba, amemweka kwenye sahani ya bati yenye maji. Nikamweka kando yake mmoja wa waliorudi. Nikampa Baba unyasi.

"Waguse wewe."

Akaushika kwa vidole viwili. Ncha ilikuwa inacheza hewani, akakosa mara mbili, Mama akataka kumsaidia nikamzuia. Akamgusa yule wa mgomba. Yule akangoja, akajikunja, akaanza kutetema, na Baba akautazama unyasi uliokuwa unatetema mkononi mwake, akamtazama nyungunyungu, akautazama tena unyasi. Akamgusa wa pili. Huyo akaruka mara moja, akatulia.

"Na huyu alitoka shina lile lile?"

"Ndoo ile ile uliyoniletea."

Akacheka. Tangu Krismasi sikuwa nimesikia kicheko kile. Mama akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Hapo ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitaka. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kucheza chini ya meza, na nikijua nitakavyoishi na jambo lile nikilala nalo, nikatoa kopo la pili.

"Si wote, Baba. Hawa hawakurudi."

Kicheko kikaisha. Akachukua mmoja, akamgusa, akamwangalia akichelewa. Kisha akauliza mimi naona yeye yuko kopo lipi.

"Sijui, Baba. Ndiyo maana ya kupimwa."

Akawachukua wote watatu kwenye kiganja, akatoka nao nje hadi kwenye mfereji, akachimba kwa vidole na kuwafunika. Sikujua amekata shauri gani. Jumapili asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akatangulia njiani.

Kanisa lilijaa. Habari ya mzee wa kanisa kutubu haikuhitaji tangazo. Mzee Manase alikuwa benchi la mbele la wazee, na nafasi kando yake, ya Baba, ilikuwa wazi. Mimi na Mama tulikaa upande wa wanawake, nikihesabu vioo vya dirisha ili nisisimame. Mchungaji akasoma neno, akasema kuna ndugu yetu anayetaka kurudi nyumbani kwa Baba yake, akamwita.

Baba akasimama mbele yetu. Kwanza aliiweka mikono nyuma. Kisha akaileta mbele, akainua yote miwili juu, kama alivyozoea kuinua mkungu wa ndizi. Watu wote waliona inavyotetemeka.

"Wapendwa," akasema. "Nilimwambia mchungaji kwamba ninakunywa pombe. Nilimdanganya. Huo uongo ndio dhambi niliyokuja kuitubu. Pombe sijui hata ladha yake." Minong'ono ikapita mabenchini. "Mikono hii imekula dawa ya kupe. Nimekuwa nikimwogesha ng'ombe wangu kwa tambara na mikono mitupu, na nilipoanza kutetemeka niliona afadhali mniite mlevi, kwa maana mlevi mnampokea. Kesho nakwenda hospitali. Pengine nitapona, pengine sitapona. Binti yangu amejaribu kwa viumbe vya udongo, na wako waliopona na wako wasiopona. Sitaki mnionee huruma. Nataka kujua kitu kimoja. Mwenye kumwogesha ng'ombe kama mimi, ainue mkono."

Mtoto mmoja akalia, akanyonyeshwa. Nilikuwa nimemshika Mama mkono kwa nguvu hadi akautoa. Halafu nyuma kabisa mama mmoja mjane akainua wake. Akafuata mwanamume wa kwaya. Kisha ikawa inainuka huku na huku, polepole, upande wa wanawake na upande wa wanaume, mingi kuliko nilivyowaza. Mingi ilikuwa imetulia. Michache haikutulia, na wenyewe waliitazama kana kwamba wanaiona leo.

Mzee Manase hakuinua. Alikuwa amekaa wima, macho mbele, mikono mifukoni mwa koti lile la sufu, na mifuko ya koti ilikuwa inacheza.

Hapo ndipo mjinga mimi niliyesoma nikaelewa. Tambara aliyeanza nalo ni yeye. Mkono hakunipa. Chai hakuinywa. Siku ya mayai mzaha ule ulimtoka upesi mno, na watu wote wakageuka kumtazama mtu mwingine. Wiki mbili nilikuwa nimenoa maneno ya kumwambia mzee yule mbele za watu, na sasa nilimwona anavyojibana mle ndani ya koti, nikatamani mtu yeyote, hata mtoto, aanzishe wimbo ili watu waache kutazama mbele.

Baba alikuwa amemwona kabla yangu. Akashuka, akaenda kukaa mahali pake, kando ya Manase. Akauingiza mkono wake ndani ya mfuko wa koti la mwenzake, akautoa mkono uliokuwa mle, akaushikilia juu ya goti, na kutoka nilipokaa sikuweza kujua ni wa yupi uliokuwa unamtetemesha mwenziwe.

Mchungaji akasema tusimame tuimbe. Tukasimama wote, isipokuwa wao wawili.